Daraja la Pangani kwa Macho ya Mwenye Baiskeli

Jamani, nimeliona! Unapanda pantoni na baiskeli yako, unageuza shingo, na nguzo za zege hizo hapo, zimesimama ndani ya mto Pangani! Huu mto uliotuzoesha foleni ya gatini sasa umeingiliwa, na mimi nina furaha isiyofichika.

Daraja lina urefu wa mita 525! Kwa baiskeli ya kazi, ile yenye keria imara na tenga la samaki nyuma, hapo ni dakika mbili, tatu ukienda polepole. Mama mwenye ndoo kichwani hatafika hata dakika kumi. Na atavuka saa yoyote atakayo, hata mgonjwa wake akizidiwa usiku wa manane huko Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani.

Kinachonisisimua zaidi ni ugumu wa mahali penyewe. Hapa ni mlangoni mwa bahari. Maji yakijaa, chumvi inapanda mtoni; chumvi ikipenya kwenye zege na kuifikia nondo, nondo inapata kutu, inavimba, na zege linapasuka. Kwa hiyo zege lazima lishindiliwe vizuri na nondo zifukiwe ndani hasa. Chini kuna mchanga na tope ambalo mto umelikokota kutoka bara miaka nenda rudi, wakati huku juu vyombo vya wavuvi vinataka nafasi ya kupita. Kwa hiyo daraja linainuliwa, na hapo ndipo mwenye baiskeli anapotega sikio: kila mita ya kuinuka ni mita ya kupanda na gunia la nazi mgongoni mwa baiskeli. Mwinuko ukiwa wa taratibu, anapiga pedeli mpaka ng'ambo. Ukiwa mkali, anashuka na kusukuma.

Upepo nao msiusahau! Kusi ikivuma, anayetoka mjini kwenda Bweni ataipokea usoni. Kaskazi itamsukuma mgongoni. Ndiyo maana nazitaka kingo ndefu, na njia ya pembeni yenye upana wa kweli. Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa 2016, liliwapa waenda kwa miguu na baiskeli mita 2.5 kila upande. Kwangu hicho ndicho kipimo. Matenga mawili yapishane bila mtu kurukia njia ya malori!

Wakala wa Barabara, TANROADS, wanasimamia ujenzi, Benki ya Maendeleo ya Afrika imetoa mkopo, na kuna kilomita 25.6 za barabara unganishi. Daraja hili ni kiungo cha barabara ya pwani ya kilomita 256, Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani. Hebu fikiria safari hiyo kwa baiskeli, bila kuzungukia Chalinze na Segera!

Siku likifunguliwa, msinitafute nyumbani. Tairi nitakuwa nimezijaza upepo, breki nimezikaza, na nitakuwa mbele ya magari yote.