Sikio la Fundi

Saa saba za usiku, mvua ya Aprili inapiga mabati Kangemi, nami niko chini ya blanketi na laptopu, simu ikinigawia bando. Seva ya mteja iko mjini, karibu na Moi Avenue, na imegoma kupokea malipo. Nikaiingia kutoka mbali kwa `ssh`. Skrini nyeusi, kishale kinapepesa, kinangoja swali.

`df -h` ikajibu kwamba diski imejaa pomoni, asilimia 100. `du`, inayojumlisha faili moja moja, ikasema hazifiki hata nusu. Mashahidi wawili, wote wakweli, na ushahidi haupatani! Hapo ndipo mwenye pupa huizima seva na kuiwasha. (Ingepona, sikatai, ila ugonjwa nisingeujua.) Nikauliza `lsof +L1`: nani bado ameshikilia faili iliyokwisha kufutwa? Ni programu ya malipo yenyewe. Mchana mtu alifuta logi yake ya gigabaiti 60, akadhani amefagia. Lakini kwenye Linux kufuta ni kubandua jina mlangoni tu. Maadamu kuna programu iliyoifungua faili ile, mpangaji bado yumo ndani. Nikaiwasha upya programu hiyo peke yake. `df` tena: asilimia 41.

Mafundi wa magari wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ndivyo walivyo. Aliyeiva hakimbilii spana. Anakwambia, "Washa, kanyaga mafuta kidogo," kisha anainamisha sikio.

Hata amri ya `ping`, aliyoiandika Mike Muuss huko Marekani mwaka 1983 na kuipa jina la mlio wa sona ya nyambizi, ni kubisha hodi na kuhesabu muda wa kuitikiwa. Zamani hodi ya kutoka Westlands hadi mjini, ikivuka kampuni mbili za intaneti, ilipaa hadi satelaiti, kilomita 36,000 juu, ikashukia ng'ambo kabla ya kurudi Nairobi. Kituo cha kampuni hizo kubadilishana mawasiliano humu humu nchini, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa kwa agizo la mdhibiti baada ya wiki mbili hivi, kikarejea Februari 2002. Mwenye `ping` hakuhitaji kusoma gazeti kujua kimerejea.

Asubuhi nikaandika `history`, inayoorodhesha amri zilizokwisha kuandikwa, ili nitoe ripoti. Amri kumi na tatu za kuuliza, moja ya kugusa. Mteja akaisoma, akanipigia kutaka punguzo: mbona kazi ni mstari mmoja?