Ebo Taylor na Suala la Umilikaji wa Muziki

Wako ndugu wanaomwita Ebo Taylor mfuasi wa Fela. Hiyo ni kasumba ya kufuata majina makubwa. Mpiga gita huyu wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1936, alikwenda London mwaka 1962, na huko akakutana na Fela, naye akiwa mwanafunzi wa muziki. Taylor aliishika hailaifu ya Wafante, akaitia jazi na mdundo wa Afrobeat: tarumbeta zinaitikiana kwa huzuni, gita linakatakata chini yake. Isikilizeni “Heaven” ya mwaka 1977 kabla ya kubisha.

Dosari yake tuiseme. Fela aliwataja wakandamizaji kwa majina. Taylor hakufika huko. Lakini dosari kubwa si yake. Kama kakao, sauti yake ilichumwa Ghana ikasindikwa Ulaya: albamu yake ya kwanza kusambazwa kimataifa, “Love and Death”, ilitoka mwaka 2010, yeye akiwa na miaka 74, kwa bendi ya Berlin na kampuni ya London. Mwaka huo huo Usher wa Marekani alitumia kipande cha “Heaven” katika wimbo wake.