Adabu kama Ufundi katika Maigizo ya Maandishi

Neno adabu liliingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiarabu, na katika safari hiyo liliacha nyuma nusu ya mzigo wake. Kwa Waarabu neno hilo ni mwenendo mwema, na pia ni fasihi. Mswahili alichukua mwenendo, akaiacha fasihi itafute jina jingine. Hasara ya mgawanyo huu haionekani sana mtu asomapo riwaya au utenzi, kwa maana kitabu chaweza kuwa kizuri hali mtungaji wake alikuwa mtu mkorofi. Lakini iko aina moja ya utungaji ambayo ndani yake maana mbili za neno hilo hazitengani. Nayo ni maigizo ya maandishi, ambamo watu waliotawanyika mbali mbali hutunga pamoja hadithi moja ya kubuni kwa njia ya mitandao ya kompyuta. Kila mchezaji huandika maneno na matendo ya mhusika wake, na hapana hata mmoja aijuaye hatima ya hadithi.

Asili ya mchezo huu si ya kale. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wake hukaa pamoja mezani. Humo dado huamua bahati, na mchezaji mmoja huwa msimulizi na mwamuzi wa wenziwe. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, alianza kutunga programu iliyoitwa MUD, ambayo baadaye iliendelezwa na mwenzake Richard Bartle. Hapakuwa na picha ndani yake: njia, mto, pango na hazina vyote vilikuwa maneno matupu. Mwaka 1989 James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa TinyMUD, ambayo haikujali sana mapigano na hesabu ya ushindi, bali iliwapa wachezaji uwezo wa kujenga mahali kwa maelezo yao wenyewe. Hapo mchezo ulikaribia kuwa utungaji. Katika jamii nyingi zilizofuata dado ziliwekwa kando, na mwamuzi akaondoka mezani. Swali likabaki: nani aseme kwamba pigo limempata adui au limekosa? Kiti kilichoachwa wazi na mwamuzi kilikaliwa na adabu.

Msomaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba jambo hili si geni, akikumbuka malumbano ya washairi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za Muyaka bin Haji, washairi wa Mombasa na wa Lamu walipelekeana mashairi ya kejeli na majibu yake. Kufanana kupo, lakini tofauti ni kubwa kuliko kufanana. Katika malumbano kila mshairi ni bwana wa beti zake. Mpinzani aweza kulijibu shairi na kulifumbua fumbo lake. Hawezi kuingia ndani ya shairi lenyewe akaligeuza. Maigizo ya maandishi hayana ukuta kama huo. Hadithi ni moja, na kalamu ni nyingi. Kila sentensi ya mchezaji mmoja hugusa mali ya mwenziwe, kwa sababu wahusika wao wamesimama katika chumba kimoja.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mchezo huu ni kwamba mchezaji huandika jaribio, wala haandiki tokeo la jaribio hilo juu ya mhusika wa mwingine. Sharti hili laonekana dogo, walakini limo katika mizizi ya sarufi. Mchezaji aandikaye kwamba shujaa wake "alimkata" adui amemaliza kila kitu kwa neno moja, maana kitenzi hicho kimembeba mtenda, na mtendwa, na mwisho wa tendo. Aandikaye kwamba shujaa "aliinua upanga, akaushusha kuelekea bega la adui" ameacha mlango wazi. Mwenziwe aweza kujibu kwamba adui alikwepa, au ngao ilipasuka, au jeraha lilikuwa kubwa hata upanga wake mwenyewe ukamponyoka. Sentensi ya kwanza yaweza kuwa fasaha kuliko ya pili, lakini imeua hadithi pamoja na adui. Ya pili imezaa jambo ambalo hapana mmoja wao angelibuni akiwa peke yake. Hapa adabu haikuja baada ya ufundi ili kuupamba, bali ndiyo ufundi wenyewe.

Uzito wa sharti hili ulidhihirika mwaka 1993 katika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Desturi ya programu ile ilikuwa nzuri: mchezaji alipoandika tendo, mashine iliweka jina la mhusika wake mwanzoni mwa sentensi, basi kila mtu akawa mtenda wa kitenzi chake. Mchezaji mmoja, aliyetumia jina la Mr. Bungle, aliivunja desturi hiyo. Kwa hila ya programu alitoa sentensi zilizobeba majina ya wahusika wa wengine, zikiwaonyesha katika matendo ya aibu na ya ukatili ambayo wenyewe hawakuyaandika, mbele ya watu wote waliokuwamo chumbani. Mwandishi Julian Dibbell alilisimulia tukio hilo katika gazeti la The Village Voice la New York, Desemba 1993. Alieleza kwamba mmoja wa waliotendewa alikuwa akitokwa na machozi alipokuwa akiandika mashtaka yake.

Wenyeji wa LambdaMOO walikutana kujadiliana, wasiweze kukata shauri. Mwishowe mmoja wa wasimamizi, ambao huko waliitwa wachawi, alimfuta Mr. Bungle kwa uamuzi wake mwenyewe. Baadaye Curtis aliweka utaratibu wa wenyeji kutoa maombi na kuyapigia kura. Mabishano yaliyofuata yaligawa watu makundi mawili. Kundi moja lilisema kwamba maneno ni maneno, na aliyeudhika angezima mashine yake akalale. Kundi la pili lilisema kwamba dhuluma ile ilikuwa sawa na dhuluma ya mwili.

Kundi la kwanza lilisahau kwamba katika ulimwengu uliojengwa kwa maneno mtu hana mkono, wala uso, wala sauti, ila maneno yake. Anyang'anywapo sentensi yake hakubaki kitu cha kunyang'anya. Kundi la pili lilikuwa na huruma ya haki, walakini kwa kuutafuta ukubwa wa kosa katika mwili lilipita mahali kosa lilipokuwa. Kosa lile lilikuwa katika uandishi: mtu mmoja alijifanya mtungaji wa nafsi ya mwingine. Kati ya mchezaji ajivunaye kwamba pigo lake halikosi kamwe na yule wa LambdaMOO pana umbali mkubwa wa nia na wa madhara. Lakini njia waliyoishika ni moja, na mmoja amesimama mwanzoni mwake na mwingine mwishoni.

Sharti la pili lahusu ujuzi. Katika jumba la maigizo watazamaji humwona jasusi aliyejificha nyuma ya pazia, na mfalme jukwaani hamwoni. Utamu wa mchezo hutoka katika tofauti hiyo. Katika maigizo ya maandishi mchezaji ni mtazamaji na mwigizaji kwa wakati mmoja. Amekwisha kusoma kwamba jasusi yupo, na mhusika wake hajui. Mchezaji dhaifu humfanya mfalme wake aende moja kwa moja akafunue pazia. Hakusema uongo, wala hakumgusa mhusika wa mwenziwe, lakini ameiba siri ambayo si ya mhusika wake. Mchezaji hodari humwacha mfalme aketi karibu na pazia lile lile na kuisema siri ya ufalme. Kujizuia kwake ni adabu kwa mwenye jasusi, na ni ustadi kwa msomaji.

Ili tofauti ya mtu na mhusika ilindwe, jamii nyingi zimezoea kuweka maneno ya nje ya hadithi ndani ya mabano mawili mawili. Msikilizaji wa ngano za pwani anaijua haja hiyo. Msimulizi asemapo "Paukwa" na kujibiwa "Pakawa", wote wamekubaliana kuvuka kizingiti, na baada ya hapo sungura aweza kusema bila mtu kumshuku msimulizi. Mabano ni kizingiti cha namna hiyo. Mchezaji aliyetukanwa na mhusika wa mwenziwe hana haki ya kununa; lakini mwenziwe naye hana haki ya kuyapitisha machukio yake ya kweli chini ya vazi la mhusika. Anayefanya hivyo amekanyaga kizingiti, na hadithi yake imekuwa ugomvi uliovaa joho.

Yako malalamiko juu ya adabu hizi yanayostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba zinazaa hadithi za woga, kwa kuwa mtu aachiwapo kuamua kama pigo limempata, huamua siku zote kwamba halikumpata. Malalamiko haya ni ya kweli. Mwaka 1973 Paula Smith wa Marekani aliandika kichekesho kuhusu Mary Sue, luteni wa miaka 15 na nusu, mwenye kila uwezo na kupendwa na kila mtu. Aliwakejeli waandishi wapenzi wa mchezo wa Star Trek, lakini jamaa za Mary Sue wamejaa katika maigizo ya maandishi pia. Dawa ya ugonjwa huo haipatikani kwa kumrudishia jirani uwezo wa kuamua, bali kwa kutambua kwamba haki ya kuamua huja na deni. Aliyeachiwa uamuzi wa jeraha lake yampasa mara kwa mara ajeruhiwe. Kujua kushindwa ni heshima ya juu kabisa katika mchezo huu, na wahusika wanaokumbukwa ni wale ambao wenyewe waliwaacha waumie.

Jambo la mwisho ni mapatano ya awali. Mwaka 1996 Bartle aliwagawa wachezaji wa MUD mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvumbua, wanaopenda urafiki, na wanaofurahia kuwaudhi wengine. Alionyesha kwamba katika nyumba moja watu hutafuta raha zinazopingana. Kwa hiyo zamu ya kuandika, ukubwa wa ukatili unaoruhusiwa na mambo yasiyoguswa hufaa kusemwa mapema. Mgeni naye husoma yaliyokwisha kuandikwa kabla ya kuleta joka lake mlangoni. Haya ni madogo, na mwandishi wa riwaya, aliye peke yake chumbani, hana haja nayo. Yeye aweza kuwaua wahusika wake wote katika sura moja, na hapana atakayemshtaki. Mtungaji wa maigizo ya maandishi hana uhuru huo, na kwa kuukosa amepata kitu ambacho mwandishi wa riwaya hukitamani maisha yake yote: mhusika anayejibu lile ambalo mtungaji hakulitazamia.