Kroshia Yenye Ncha Mbili

Gisenyi iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wa Ziwa Kivu hupenya hadi mifupani. Mtoto mchanga hapa hutolewa nje akiwa amefunikwa vizuri mgongoni kwa mama yake. Shali inayomfunika huonekana pande zote mbili: upande wa nje hutazamwa na wapita njia, na wa ndani hugeuzwa nje kila inapofunguliwa na kufungwa upya. Fundi niliyeketi naye barazani analijua hilo, ndiyo maana hufuma kitambaa kisicho na upande wa kufichwa.

Kroshia yake ni ya mti, imepita shubiri kwa urefu, na ina ndoana ncha zote mbili. Katikati imeng'aa kwa kushikwa. Miguuni pake kuna vikapu viwili, kila kimoja na donge lake la uzi, wa bluu kulia na wa rangi ya maziwa kushoto.

Huanza kwa mnyororo wa uzi wa bluu. Kisha huurudia tundu kwa tundu: huchomeka ndoana, huvuta uzi, na kitanzi kinachopatikana hukiacha palepale kwenye kijiti. Katika kroshia tuliyoizoea, kitanzi kimoja tu ndicho hubaki mkononi. Hapa vitanzi hupangana kwa makumi, na kidole gumba huvilinda visiponyoke.

Kijiti kikijaa kabla mstari haujaisha, hana wasiwasi. Hugeuza kazi, huvisukuma vitanzi hadi ncha ya pili, na kuvishusha baadhi kwa uzi wa maziwa: huupitisha ndani ya kitanzi cha kwanza, kisha huvuta uzi kupitia vitanzi viwili kwa pamoja, kimoja cha maziwa na kimoja cha bluu, tena na tena. Huacha vichache, hurudi upande wa bluu, huendelea kuokota. Kwa hiyo kijiti kifupi humaliza shali pana kuliko mabega yake.

Vitanzi vyote vikishashushwa, hageuzi. Kwa uzi uleule wa maziwa hupitisha ndoana chini ya kila uzi uliosimama wima na kuokota mstari mpya. Ndipo hugeuza, na bluu iliyokuwa ikingoja pembeni huja kuvishusha. Mara hii hugeuza kuelekea kulia, mara ijayo kushoto, bila kukosea, vinginevyo nyuzi mbili zingesokotana na kazi nzima ingekwama.

Kwangu, ustadi wake mkubwa uko katika mkono wa kushoto. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada na kubanwa kidogo na cha mwisho, na mbano huo haubadiliki hata anapomwitikia jirani. Ukikazwa, ndoana haiingii mstari unaofuata; ukilegezwa, kitambaa hupwaya. Chake kinatoka laini, kinene, upande mmoja bluu, wa pili maziwa, na hakijikunji pembeni kama kinavyofanya kile cha kuokota na kushusha kwa ncha moja.

Katikati ya shali alisimama. Mistari mitatu nyuma kitanzi kimoja kilikuwa kimerukwa, mahali ambapo mimi sikuona kitu hata nilipoonyeshwa. Akafumua, huku akizungusha bluu kwenye donge lake na maziwa kwenye lake, zamu kwa zamu, bila kunung'unika. Alipokifikia, akakiokota, akahesabu kwa kidole hadi mwisho wa mstari, akaanza upya.

Mstari wa mwisho hufungwa kitanzi baada ya kitanzi. Mikia ya nyuzi huingizwa ndani ya mishono kwa sindano butu, kila mkia upande wa rangi yake. Pembezoni hupitisha kroshia ya kawaida, mara mbili kuzunguka shali yote, maana ukingo ndio unaoshikwa, kuvutwa na kufungwa kila siku.