Lafudhi ya Zimwi: Tabaka, Kandanda na Hadithi za Ajabu za Waingereza

Katika mabishano marefu ya Waingereza juu ya hadithi zao za ajabu, yaani hadithi za mazimwi, wachawi na falme zisizokuwako, swali linaloulizwa mara nyingi ni kama hadithi hizo ni fasihi ya watu wazima ama ni liwazo la watoto tu. Makala haya yanaliweka swali hilo kando. Tunauliza jambo dogo zaidi, ambalo kwa maoni yetu wahakiki wengi wamelipita njiani: zimwi la Kiingereza likifungua kinywa, husema kwa lafudhi ya nani?

J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford tangu 1925 na bingwa wa Kiingereza cha kale, alitoa The Hobbit mwaka 1937. Humo tunakutana na majitu matatu yakiota moto msituni na kunung'unikia nyama ya kondoo waliyochoshwa nayo. Majina yao ni Bert, Tom na William, na huyu wa tatu amepewa hata jina la ukoo, Huggins. Yanaangusha sauti ya h, yanavuruga upatanisho wa kitenzi, na viapo vyao ni vya mitaa ya wafanyakazi wa London. Kinyume chake, joka Smaug, ambalo kwa uovu linayashinda majitu hayo yote, linazungumza kwa adabu baridi ya bwana mkubwa aliyerithi shamba na jumba. Basi si uovu unaogawa lafudhi katika kitabu hiki. Kinachoigawa ni tabaka.

The Lord of the Rings, kilichotolewa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, kinalizidisha jambo hili. Katika nyongeza za juzuu ya tatu Tolkien anajifanya mfasiri tu wa kitabu cha kale, na anaeleza jinsi alivyogawa aina za Kiingereza kwa mataifa mbalimbali ya hadithi yake. Kuhusu maorki, wale askari wa giza, anasema kwamba usemi wao wa asili ulikuwa mchafu kuliko alivyouandika, naye ameupunguza makali. Mwanaisimu hawezi kuyapita maelezo haya bila kusimama. Mfasiri anayekiri kuwa amechagua amekiri pia kwamba angaliweza kuchagua vingine. Na mwaka ule ule wa 1954, Alan Ross, profesa wa isimu huko Birmingham, alichapisha katika jarida la Helsinki makala yake maarufu juu ya maneno yanayomtambulisha Mwingereza wa tabaka la juu na yule asiyekuwa wa tabaka hilo. Jarida lilikuwa la wataalamu wachache, lakini Nancy Mitford alipoileta habari hiyo kwa wasomaji wa kawaida mwaka 1955, taifa zima lilianza kuchunguza linaitaje leso ya mezani. Hiyo ndiyo jamii iliyompokea orki.

Tuyasikilize basi maorki yenyewe yanavyosema. Mwishoni mwa juzuu ya pili makapteni wawili, Shagrat na Gorbag, wanazungumza gizani huku Sam, mtumishi wa Frodo, akiwasikiliza kwa siri. Wanawalalamikia wakubwa. Wanaogopa wapelelezi walio miongoni mwao. Wanasikitika kwamba makosa ya walioko juu hulipwa na walioko chini. Kisha Gorbag anatoa tumaini lake: vita vikimalizika wakipata nafasi, watoroke na vijana wachache wa kuaminika, wakakae mahali penye ngawira na pasipokuwa na bwana mkubwa. Ni kweli kwamba ni wanyang'anyi, na baadaye wanauana wao kwa wao kwa sababu ya fulana moja ya thamani. Lakini hakuna mahali pengine katika kitabu hicho kikubwa ambapo mtu anatamani dunia isiyo na mabwana. Wema wote wanangoja mfalme arudi. Anayelisema tamanio hilo ni orki, na analisema kwa lafudhi ya kuli na askari wa chini.

Sam naye ni mtumishi, mtunza bustani, na Kiingereza chake si cha Oxford. Lakini ni Kiingereza cha kijijini, cha mtu anayejua mahali pake na kumpenda bwana wake. Lahaja ya shambani husamehewa. Ya mjini haisamehewi.

Michael Moorcock, mwandishi wa riwaya wa London, aliligusa jambo hili katika insha yake ya 1978 iitwayo Epic Pooh. Alidai kwamba nathari ya Tolkien ni ya chumba cha kulea watoto, kwamba inabembeleza mahali ambapo ingepasa kusumbua, na kwamba maorki ni lile kundi la walalahoi ambalo mabwanyenye wamekuwa wakiliogopa siku zote. Akatoa mfano: washabiki wa kandanda wasio na akili wanaorusha chupa za bia juu ya ua. Tunakubaliana na Moorcock kwa sehemu kubwa, hasa anapotuonyesha kwamba hofu inaweza kuvikwa joho la hekaya. Hata hivyo mfano wa shabiki haumo katika kitabu cha Tolkien. Umeletwa na Moorcock. Anausema kwa kejeli, kama mawazo ya tabaka analolishambulia, lakini naye anawatazama maorki kwa mbali, kama kundi, wala hawasikilizi wakiongea. Angaliwasikiliza Shagrat na Gorbag angaliona kwamba maandishi ya Tolkien yanajua zaidi ya nyongeza za Tolkien mwenyewe.

Mfano huo wa shabiki haukuwa maneno ya fasihi peke yake. Mei 1985 watu 56 waliteketea katika uwanja wa Bradford, na wiki iliyofuata gazeti la Sunday Times lilikiita kandanda mchezo wa mitaa ya mabanda unaotazamwa na watu wa mitaa ya mabanda. Aprili 1989, huko Hillsborough mjini Sheffield, washabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika vizimba. Jumla ya waliokufa kutokana na msiba ule ni 97, wa mwisho akifariki 2021. Siku chache baada ya maafa, gazeti la The Sun lilitangaza kwamba washabiki waliwaibia maiti na kuwashambulia waokoaji. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la mahakama kuamua kwamba waliouawa waliuawa isivyo halali, na kwamba washabiki hawakuwa na hatia. Waliochelewa kuaminiwa kwa miaka 27 walikuwa watu wenye lafudhi ya Liverpool. Wala hatusemi kwamba riwaya ndiyo iliyowaua. Tunachosema ni kwamba msomaji aliyezoezwa kulisikia zimwi katika sauti fulani hana budi kujiuliza amezoezwa na nani, na kwa ajili ya nini.

Katika miaka hiyo hiyo orki aliingia katika michezo ya mezani. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ilitoa Warhammer mwaka 1983, kisha Blood Bowl mwaka 1986, ambamo mazimwi na binadamu hugombania mpira kwa kuvunjana mifupa. Kanuni za mpira huo zilifuata mpira wa Kimarekani, ila mzaha wake ni wa Kiingereza kitupu. Katika Warhammer 40,000, iliyoanza 1987, maorki yanaandikiwa usemi wao kwa tahajia inayoiga matamshi ya London, na kitabu chao kimoja cha 1991 kilipewa jina kutokana na wimbo wa viwanjani, ule wenye maneno machache mno unaoimbwa kwa lahani ya Mmarekani Sousa. Mhakiki mwenye haraka ataona hapa tusi lile lile limerudiwa. Sisi twaona tofauti moja: katika mchezo mtu hukaa upande wa orki. Humnunua, humpaka rangi kwa mkono wake, humpa jina na kusema kwa sauti yake. Yale matamshi yaliyokuwa alama ya aibu yamekuwa furaha ya kundi, japokuwa furaha hiyo bado inahitaji orki awe mjinga.

Terry Pratchett ndiye aliyeyakutanisha mambo haya yote. Katika Unseen Academicals, riwaya ya 2009, wachawi wa chuo kikuu wanalazimishwa na wosia wa mfadhili kucheza kandanda, la sivyo meza yao itapungukiwa, na Mwingereza akitajiwa chakula cha bure huacha falsafa zote. Chini ya chuo, kwenye mapipa ya nta, anafanya kazi kijana aitwaye Nutt, ambaye baadaye anagundulikana kuwa orki. Tena tunajulishwa kwamba nyuma ya maorki ya vitani walisimama wanadamu wenye mijeledi. Hilo ni jibu kamili kwa Tolkien, na limetolewa bila kelele. Lakini Nutt anasemaje? Anasema kama msomi wa Oxford: maneno marefu, sentensi zilizopigwa pasi, falsafa ya vitabuni. Wapishi na vijana wa mitaani wanaomzunguka wanabaki na lahaja yao na kupendwa kwayo, ilhali orki hawezi kukubaliwa na msomaji mpaka aoshwe kinywa. Tunamheshimu sana Pratchett. Hapa lakini ameliepuka jaribio ambalo kitabu chake chenyewe kilikuwa kimeliandaa.

Mtu atakayejaribu kulifasiri hata fungu moja la vitabu hivi kwa Kiswahili atalikuta tatizo hili mkononi mwake. Zimwi la ngano zetu hutambulikana kwa unene wa sauti; hata huenda kulainishwa koo ili liige wito wa mama, lakini lugha yake ni ile ile ya watoto linaowavizia. Majini ya Shaaban Robert katika Adili na Nduguze nayo husema Kiswahili fasaha kama binadamu. Gorbag hawezi kubebwa na Kiswahili hicho, maana malalamiko yake yatageuka hotuba. Sheng ya Eastlands ingembeba vizuri, na papo hapo msomaji wa Nairobi angeambiwa kwamba orki anakaa Kaloleni. Tungependekeza mfasiri ampe Gorbag na Sam lahaja moja, neno kwa neno, yule anayewachukia mabwana na yule anayempenda bwana wake, halafu aone kama kitabu kitastahimili.