Brush Script: Mkono Usiochoka

Hii herufi unaijua hata kama jina lake hulijui. Ni ile nene, imelalia kulia, imeshikana kama watoto wanaovuka barabara. Inaitwa Brush Script. Aliichora Robert E. Smith kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders ya Marekani, ikatoka mwaka 1942, zama ambazo herufi zilikuwa vipande vya madini. Baadaye ikaingia kwenye kompyuta pamoja na programu za Microsoft, ndiyo maana leo tunakutana nayo kwenye kadi za harusi na vibao vya saluni.

Tusiionee. Kazi yake inaijua. Neno moja au mawili, makubwa, ya kusomwa na mtu aliye ndani ya daladala: hapo inang'aa. Ukiiandikia aya nzima, macho yanachoka. Ukiandika yote kwa herufi kubwa, basi tena! Zile kubwa hazikuchorwa zishikane, kila moja inajirusha kivyake utadhani kuna ugomvi.

Lakini lawama yangu ni nyingine. Nina muswada wa riwaya, "Baada ya Mama". Nilipoupeleka kuchapwa, kijana wa kompyuta akaniwekea jina kwa Brush Script. "Kaka, hii ndo inavutia," akaniambia. Kwa mbali kweli ilivutia. Nilipofika nyumbani nikaanza kuhesabu. Jina lile lina "a" sita, na zote sita ni mapacha: tumbo lile lile, mkia ule ule, hata unene haupungui.

Sasa jamani, mkono wa mtu hufanya hivyo? Ukichovya brashi, "a" ya kwanza inashiba rangi, ya tatu inaanza kukauka. Brush Script inaahidi mkono, halafu inakupa muhuri. Na Kiswahili chetu kinaiumbua haraka, kwani irabu zetu zinarudi kila hatua. Andika "maana" au "tafadhali" kwa herufi hiyo, utaona mwenyewe.

Kwa tangazo la soda si neno. Soda haidai kwamba imelia. Ila kitabu cha mtoto aliyemzika mama yake, kianze na mwandiko wa kuigiza? Msomaji hajafungua hata ukurasa mmoja, tayari umeshamdanganya.

Nikamfuata mshikaji wangu anayechora vibao. Akaandika jina mara moja tu, hakurudia. "A" ya mwisho rangi imekwisha, imebaki michirizi ya nywele za brashi. Ndiyo hiyo nimeibandika juu ya muswada.

Wenzangu tunaochipukia, hatuna hela ya kuajiri wachoraji wakubwa, najua. Lakini macho tunayo. Kabla hujakubali jalada, hesabu "a" zako.