Gari la Zimamoto na Dhamana ya Aliyeliunda

Mkataba wa vifaa vya zimamoto na kampuni ya Rom Solutions ya Romania, wenye thamani ipatayo Yuro milioni 408, ulipomghadhibisha Rais Magufuli wa Tanzania mwezi Januari 2020, hata Waziri wa Mambo ya Ndani na Kamishna Jenerali wa Zimamoto wakaondolewa, watu walizungumza sana juu ya fedha na idhini ya Bunge, na ilikuwa haki yao. Ila swali la askari wa zimamoto mwenyewe, nani atabeba taksiri ya gari likimharibikia njiani, halikupata wasaa.

Gari hilo, ijapokuwa lina rangi moja nyekundu, aghalabu si kazi ya kiwanda kimoja: chasisi ina mwenyewe, bodi na tangi vina mwingine, na pampu ina wa tatu. Tangi la lita 5,000 ni tani tano za maji, nayo yakiwa nusu hurukaruka, ndiyo maana ndani hutiwa kuta za kuyatuliza. Basi gari na litumwe kutoka Bariadi hadi Bukundi, huko Meatu, juu ya vumbi na udongo mweusi wa mbuga, kuta zile zifumuke na fremu ipinde: mwenye chasisi atasema bodi ilizidi uzito, mwenye bodi atasema chasisi ni dhaifu, na wote wawili watapatana kwamba kosa ni la dereva.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, yampa mnunuzi dhamana kwamba bidhaa itafaa kwa kazi aliyomweleza muuzaji, maadamu ameutegemea ujuzi wake. Lakini kitu mahsusi kilichouzwa kwa jina lake la biashara hakina dhamana hiyo. Kwa hiyo zabuni inayotaja jina la gari na nguvu za injini, isitaje mbuga wala vumbi, imempunguzia muuzaji mzigo kabla gari halijashuka bandarini.

Naye askari atakayejeruhiwa gari likiharibika hivyo si mnunuzi. Hukumu ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyotolewa Uingereza mwaka 1932 kwa sababu ya chupa ya kinywaji cha tangawizi, yamfungulia mlango wa kumdai mtengenezaji kwa uzembe, iwapo bidhaa ilitarajiwa kumfikia mtumiaji bila kukaguliwa njiani. Kasoro iliyo dhahiri, mpokeaji akiitilia saini kimya, huweza kumwokoa mtengenezaji. Iliyofichika ndani ya tangi humbakia shingoni.

Mimi ningetaka mkataba umtaje mdhamini mmoja wa gari zima, kila ekseli ipimwe kwenye mizani tangi likiwa limejaa, na nakala ya vipimo hivyo ikae kituoni Bariadi, wala si makao makuu peke yake, kwa kuwa hasimu atakapodai gari lilizidishiwa mzigo, ni kituo kile kitakachotakiwa kujibu.